Kikombe cha Kusuuzia Brashi

Fundi aliyenifundisha kuchora mabango alikuwa na sheria mbili tu. Ya kwanza ilihusu pesa: bango halianzwi mpaka mteja ametoa kitangulizi. Ya pili ilihusu brashi: huendi nyumbani kabla hazijalala. Alilitumia neno hilohilo, kulala, na akili yangu ya kidato cha tatu ikawa inaziona brashi zake kama watoto wanaosubiri kuogeshwa na kufunikwa shuka.

Kibanda chake kilikuwa Ngamiani, Tanga. Nilikwenda pale likizo moja, nikarudi likizo iliyofuata, na hatimaye nikawa nakwenda kila Jumamosi. Tulichora majina ya maduka, bei za chipsi, picha za vichwa kwenye saluni. Tulitumia rangi ya mafuta ya makopo, ileile ya kupaka mageti, na rangi hiyo haina huruma kwa brashi. Ukiiacha ikakauka ndani ya manyoya, basi umebaki na kijiti cha kukorogea uji.

Kazi ya kuziogesha ilikuwa yangu. Kwanza unafuta brashi kwenye tambara mpaka tambara liache kupokea rangi. Kisha unaisuuza kwenye kopo la kwanza la mafuta ya taa, ambalo ni chafu siku zote, halafu kwenye kopo la pili, lililo safi kidogo. Unafuta tena. Baada ya hapo unachukua sabuni ya mche, unaweka brashi kwenye kiganja na kuizungusha kwenye povu, unasuuza, unarudia, mpaka povu litoke jeupe. Sehemu ya hatari ni pale manyoya yanapoingia kwenye mkanda wa bati. Rangi hujificha humo, na ikikauka hutanua manyoya kutoka ndani, ncha ikapasuka na kuwa ndevu. Mwisho unaitengeneza ncha kwa vidole, unaipaka vaselini kidogo na kuilaza chali kwenye kisanduku. Kuisimamisha kwenye kopo kichwa chini lilikuwa kosa la kukufukuzisha kazi.

Mafuta ya taa machafu hayakumwagwa. Usiku rangi ilituama chini, asubuhi tuliyachota yaliyo safi juu na kuyatumia tena. Tope lililobaki, rangi ya kijivu isiyo na jina, tulilipaka nyuma ya mbao ili zisiliwe na mvua.

Lakini kulikuwa na hatua moja zaidi, na hiyo haikuwa ya jioni. Kabla ya kuvuta mstari mwembamba, mkia wa herufi au kope la jicho, Fundi aliipitisha brashi katikati ya midomo na kuivuta polepole, kama mtu anayelowesha uzi autie kwenye tundu la sindano. Brashi ilitoka na ncha kama mwiba. Nami nikaiga. Hakunifundisha wala hakunikataza. Kwa miaka minne nilimeza, kidogo kidogo, kila rangi iliyowahi kuandikwa kwenye maduka ya Ngamiani.

Nilikuja kuelewa nilichokuwa nafanya nikiwa chuo, maktaba, nikitafuta jambo jingine kabisa. Nilitaka kujua watu wa zamani walizitunzaje brashi zao. Nilidhani ningepata kurasa mbili za kuandikia insha, lakini nilipata mengi kuliko hayo.

Cennino Cennini, mchoraji wa Italia aliyeandika kitabu cha ufundi kwenye miaka ya kuzunguka 1400, ana maelezo ambayo Fundi angeyaelewa bila kutafsiriwa mara mbili. Brashi laini, anasema, zitengenezwe kwa manyoya ya mkia wa kindi, yachopekwe kwenye bomba la unyoya wa ndege: tai, bata bukini, kuku au njiwa, kulingana na unene unaoutaka. Brashi ngumu zitokane na nywele za nguruwe mweupe wa kufugwa. Nywele hizo hazitumiki moja kwa moja. Unafunga kiasi cha ratili moja kwenye mti mnene, unapaka nayo chokaa kwenye kuta mpaka zilainike, ndipo unaifungua na kuzigawa uzitengenezee brashi za kuchorea. Yaani brashi inaanza maisha kama kibarua, kisha inapandishwa cheo. Na kwa kuwa nondo wanapenda manyoya, Cennini anashauri mikia ipakwe udongo au chaki yenye maji na kutundikwa; siku ukiihitaji, unaiosha kwa maji safi.

Ulaya ya karne zilizofuata, kwenye picha za karakana za wachoraji, kuna chombo kidogo cha bati ambacho mtazamaji hukipita bila kukiona. Kina sehemu mbili. Upande mmoja kuna mafuta ya kuoshea brashi. Mchoraji huichovya, kisha huikamua kwenye ukingo na uchafu huangukia upande wa pili. Uchafu huo ulikuwa rangi halali iliyochanganyika, na rangi ilikuwa ghali. Kwa hiyo uliwekwa akiba, ukapakwa kwenye turubai mpya kama rangi ya msingi kabla ya kuchora. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu pale maktaba. Tope letu la kijivu nyuma ya mbao lilikuwa na ukoo.

Nao Wachina waligeuza kitendo cha kusuuza kuwa jambo la heshima. Kwenye meza ya msomi, bakuli la kuoshea brashi lilikuwa na nafasi yake pamoja na wino, jiwe la kusagia na karatasi. Oktoba 2017, Hong Kong, mnada wa Sotheby's uliuza bakuli moja kama hilo, la tanuri za Ru za enzi ya nasaba ya Song, kipenyo chake sentimita 13 tu, kwa dola za Hong Kong milioni 294.3. Ni karibu dola milioni 37.7 za Marekani, kwa kibakuli cha kusuuzia. Na inasimuliwa kuwa mtawa mmoja, Zhiyong, mwandishi mkubwa wa hati za Kichina, alizikusanya brashi zake zilizochakaa kwenye vikapu na kuzizika, akazijengea kaburi.

Ningeishia hapo, insha ingekuwa nzuri na ya kupendeza. Lakini nilitafuta pia habari za ile hatua ya midomo.

Kulamba ncha ni tabia ya zamani ya kila mtu anayechora vitu vidogo. Wachoraji wa picha ndogo za majimaji waliifanya, na wapambaji wa vyombo vya kauri pia. Mate yana utelezi, hukusanya manyoya kuliko maji. Wala hayaendi mbali, yako pale pale mdomoni. Kutoka kwenye viwanda vya kauri, tabia hiyo iliingia mwaka 1917 kwenye jengo moja la mji wa Orange, jimbo la New Jersey, Marekani.

Walichochora humo ni namba za saa, moja hadi kumi na mbili, kwa rangi inayong'aa gizani. Marekani ilikuwa imeingia vitani, na askari aliyelala handakini alihitaji kuona saa bila kuwasha kiberiti. Rangi iliitwa Undark. Unga wake ulikuwa na salfaidi ya zinki iliyotiwa chembe za radiamu, na kila mchoraji aliukoroga mwenyewe kwa maji na gundi ya mgunga, gundi ileile iliyomo kwenye rangi zangu za maji hadi leo. Radiamu ilikuwa miongoni mwa vitu ghali kabisa duniani wakati huo. Bei ya gramu moja ilipita dola 100,000.

Wachoraji walikuwa wasichana, wengi chini ya miaka 20, kwa sababu vidole vyao vilikuwa vyembamba na ujira wao mdogo. Walilipwa kwa idadi, karibu senti moja na nusu kwa uso wa saa mmoja, na waliokuwa wepesi walimaliza nyuso 250 kwa siku. Brashi zao zilikuwa nyembamba mno, za manyoya ya ngamia. (Hilo ni jina la biashara. Brashi ziitwazo za ngamia kwa kawaida ni za kindi au farasi; ngamia hahusiki nazo zaidi ya anavyohusika na Ngamiani ya leo.) Baada ya namba chache ncha ilitawanyika. Walifundishwa kuirudisha kwa midomo: lamba, chovya, chora.

Kuna jambo moja dogo kwenye habari hii ambalo hutajwa kwa sentensi moja na kupitwa. Mwanzoni, wasichana walipewa maji ya kusuuzia brashi. Kisha maji yakaondolewa, kwa sababu radiamu ilikuwa inabaki ndani yake na kupotea. Nayo matambara ya kufutia yalionekana kuwa ni hasara.

Nilisoma pale nikasimama. Mchoraji wa Ulaya aliweka ukingo wa bati ili rangi isipotee. Fundi wangu aliacha tope lituame. Kampuni ya Orange nayo haikutaka kupoteza, na njia iliyoiona ya kutopoteza ilikuwa kumwondolea mchoraji kikombe. Kilichokuwa kisuuzwe kwenye maji kikasuuzwa mdomoni.

Wao hawakujua. Radiamu ilisifiwa kama dawa. Ilitiwa kwenye maji ya kunywa na kuuzwa kwa matajiri. Wasichana walijipaka kucha na meno kwa mzaha, wakarudi nyumbani usiku nywele na magauni yaking'aa. Mmoja wao, Grace Fryer, alianza kazi akiwa na miaka 18. Baadaye alieleza kwamba siku moja Sabin von Sochocky, mwanzilishi wa kampuni na mtu aliyeivumbua rangi hiyo, alipita karibu na meza yake, akamwona na kumwonya asifanye vile, angeugua. Grace alimuuliza msimamizi wake. Msimamizi akamwambia hakuna shida, aendelee. Nikikumbuka miaka yangu minne pale kibandani, namuelewa Grace. Ukiwa na miaka 18, unamsikiliza anayekuhesabia kazi.

Mollie Maggia alikuwa wa kwanza. Jino liling'olewa, kidonda kikakataa kupona, jingine likafuata. Mwezi Mei 1922 daktari wake wa meno aligusa taya lake, mfupa ukamtokea mkononi. Alifariki Septemba mwaka huohuo akiwa na miaka 24. Kwenye cheti cha kifo waliandika kaswende. Hebu fikiria maana ya neno hilo kwa jina la binti, kwa dada zake waliokuwa wamekaa meza moja naye wakichora saa, na kwa mama yao.

Radiamu ikiingia mwilini, mwili huidhani ni kalsiamu. Huipeleka kwenye mifupa na kuijengea humo, na kutoka humo inapiga kila siku. Ilichukua miaka kujulikana. Mwaka 1924 Theodor Blum, daktari wa meno wa New York, aliandika kuhusu taya lililooza la mchoraji wa saa. Mwaka huohuo kampuni yenyewe ilimwita Cecil Drinker wa Harvard achunguze. Alipoleta matokeo yasiyopendeza, kampuni ilipeleka kwa idara ya kazi ya jimbo taarifa iliyogeuzwa, inayoonyesha kuwa wasichana wako salama. Mwaka 1925 Harrison Martland, daktari wa serikali wa wilaya ile, alithibitisha kitaalamu kwamba ni radiamu inayowaua.

Grace alitafuta wakili kwa miaka miwili. Aliyekubali, Raymond Berry, alifungua kesi mwaka 1927 kwa ajili yake na wenzake wanne: Katherine Schaub, Edna Hussman, na dada wawili wa Mollie, Quinta McDonald na Albina Larice. Kampuni ilijibu kwamba muda umepita, maana sheria ya jimbo ilitaka mtu adai ndani ya miaka miwili tangu aumie. Ugonjwa wenyewe ulikawia zaidi ya hapo kujionyesha. Oktoba 1927 kaburi la Mollie lilifunguliwa. Mifupa yake ilikuwa na radiamu, wala haikuwa na dalili ya ugonjwa ule ulioandikwa kwenye cheti.

Januari 1928 walifika mahakamani. Baadhi yao hawakuweza kuinua mkono kula kiapo. Kesi ilipoahirishwa hadi Septemba, wanawake ambao pengine wasingefika Septemba, magazeti yalichachamaa, na mwezi Juni wakapatana nje ya mahakama: dola 10,000 kila mmoja, dola 600 kwa mwaka na gharama za matibabu. Quinta alikufa mwaka uliofuata. Grace na Katherine walikufa mwaka 1933. Von Sochocky, yule aliyetoa onyo na kupita zake, alikuwa ameshatangulia Novemba 1928 kwa rangi yake mwenyewe. Nako Ottawa, jimbo la Illinois, kiwanda kingine kilikuwa kimewafundisha wasichana wake kulamba vilevile.

Sasa niseme jambo linalonifanya nisiihesabu habari hii kuwa ya Wamarekani peke yao. Radiamu ya mwanzo ya Orange ilitoka kwenye mawe ya Colorado. Lakini mwaka 1915 Mwingereza mmoja, Robert Sharp, alikuta mawe ya urani pale Shinkolobwe, Katanga, na kufikia 1922 kampuni ya Union Minière ilikuwa inayasafirisha hadi Olen, Ubelgiji, kuyachuja. Mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na urani nyingi kiasi kwamba bei ya dunia ilianguka na migodi ya Colorado ikafungwa. Kuanzia hapo hadi miaka ya 1930, Kanada ilipopata ya kwake, sehemu kubwa ya radiamu duniani ilichimbwa na watu wa Katanga, kwenye migodi ambayo lugha ya kazi ilikuja kuwa Kiswahili. Majina ya wasichana wa Orange tunayo, hadi tarehe zao za kufa. Ya wachimbaji wale siwezi kuyaorodhesha hapa.

Mwaka 1941, kutokana na vipimo vya miili ya watu walioathirika kama wale, Marekani iliweka kiwango cha juu cha radiamu ambacho mtu anaweza kubeba mwilini: sehemu moja ya milioni kumi ya gramu. Kiwango hicho kilitumika kuwakinga wafanyakazi wa mradi wa bomu la atomiki, mradi ambao nao ulikula urani ya Shinkolobwe. Mzunguko huo ukiufuatilia sana unaweza kukosa usingizi.

Nilirudi Tanga likizo iliyofuata, nikaenda kibandani. Fundi alikuwa amezeeka, mabango yake mengi yamechukuliwa na mashine za kuchapa, lakini bado alikuwa na wateja wa mikokoteni na boti. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba bila kuinua macho kwenye herufi yake. Nilimsimulia kuhusu Grace, nikamsimulia na kuhusu risasi, kwamba ile njano yetu kali mara nyingi hutengenezwa kwa madini ya risasi na kwamba mwili unaiweka kwenye mifupa, kama ile radiamu. Nilisema haraka haraka, kama mtu anayeleta habari za msiba.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka brashi chini, chali.

"Binti yangu," akasema, "na wewe ulikuwa unalamba?"

Nilimwambia ndiyo, kwa miaka minne. Alinitazama muda mrefu. Alikuwa na uhakika, akasema, kwamba nilikuwa naviringisha ncha kwenye kiganja, kama alivyonionyesha siku ya kwanza. Sikumbuki siku hiyo ya kwanza. Nakumbuka midomo yake.

"Mimi mzee, nimeshazoea," akaendelea. "Lakini wewe nilikuonyesha kiganja."

Sikubishana naye. Inawezekana alinionyesha. Mwanafunzi huiga anachokiona, na huenda kiganja nilikiona mara moja tu, midomo nikaiona mara elfu.

Nilipima damu baadaye, kwa ajili ya risasi, na jibu lilikuwa ndani ya mipaka. Yeye alikataa kwenda. Alisema akiambiwa ana risasi atafanya nini, atatapika?

Siku hizi Jumamosi nafundisha watoto wa mtaani kwetu kuchora, kwa rangi za maji tu. Kila mtoto anapewa vikombe viwili, cha kusuuzia kwanza na cha kusuuzia tena, na tambara lake. Wanalalamika kwamba vikombe vinajaza meza, na ni kweli vinajaza, vinamwagika, vinaharibu karatasi. Mwezi uliopita mmoja wao, mwenye miaka saba, mkono wake mzuri kuliko wangu wa umri ule, alikuwa anachora ndevu za paka. Ncha ikamsumbua. Nilimwona anaiinua brashi kuelekea mdomoni. Nikaita jina lake kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, darasa zima likageuka.

"Lakini mwalimu," akasema, ameshtuka, "wewe mbona unafanya?"

Nilitazama mkononi. Brashi yangu namba mbili ilikuwa imetoka na ncha kama mwiba.